Bibi Aliuliza Atarudi Lini

Kiswahili cha sheria kina neno moja ambalo limenisumbua kwa miaka: kuasili. Ukisoma sheria ya watoto ya Tanzania kwa Kiswahili utalikuta, kuasili mtoto, maana yake kumchukua mtoto usiyemzaa na kumfanya wako mbele ya mahakama. Ndani ya neno hilo kuna asili. Yaani mtoto unampa asili. Sawa, lakini ile aliyokuja nayo inakwenda wapi? Wazee wetu walikuwa na maneno mengine, mtoto wa kulea, mtoto wa kupanga, na hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa asili ya mtu. Unalea tu, kama unavyolea mche wa mgomba uliopewa na jirani. Wala hutangazi kwamba mgomba huo umechipukia kwako. Halafu, kwa sisi wenye ugonjwa wa kuchezea maneno, ukikata silabi ya mwisho ya kuasili unabaki na kuasi.

Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis. Mimi wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Yeye Mkamba wa Machakos. Sote tulishachukua uraia wa Marekani. Tulikaa miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na sehemu hiyo sitaieleza. Walioipitia wanaijua, na wasioipitia tayari wana maoni yao. Mwaka 2009 tukaamua kwenda Ethiopia.

Mama yangu nilimwambia kwa simu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, huku watoto wa ndugu zako wamejaa nyumba nzima. Wewe unakwenda kutafuta Uhabeshi?"

Hakusema kwa ubaya. Kwetu mtoto hupelekwa. Mimi mwenyewe nilipelekwa. Nikiwa na miaka sita nilipandishwa basi pamoja na mkungu wa ndizi, nikaenda Tanga kwa shangazi ambaye hakujaliwa mtoto, na nilikaa kwake mpaka nilipomaliza darasa la saba. Hapakuwa na karatasi, wala hakimu, wala mtu aliyekuja kupima ukubwa wa vyumba vya shangazi. Shangazi nilimwita mama, na mama nilimwita mama, na hakuna aliyeona kwamba hesabu haijakaa sawa. Desemba ikifika nilirudi nyumbani kama Wachaga wote.

Kwa hiyo swali la mama lilikuwa swali halali: kwa nini nisimchukue mtoto wa kaka yangu? Tuliuliza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtaka yatima, na ina maelezo yake marefu ya nani ni yatima. Mtoto wa kaka ana baba na ana mama. Hawana kitu, lakini wapo. Hakufuzu. Na upande wa Tanzania, sheria ya mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni anayetaka kuasili awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Mgeni ndiye mimi, maana Tanzania haitambui uraia pacha, na siku nilipoapa kule niliacha wa huku. Nilimweleza mama haya yote, taratibu, kwa Kichaga. Akasema, "Kwa hiyo wewe ni mgeni, na mtoto wa kaka yako si yatima wa kutosha." Tumelipa wanasheria kadhaa tangu siku ile, na hakuna aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Ethiopia wakati ule ilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Mwaka 2010 peke yake watoto zaidi ya 2,000 walitoka kule kwenda Marekani kwa njia ya kuasiliwa. China tu ndiyo iliyopita idadi hiyo. Kulikuwa na mashirika ya kila aina, yenye picha za watoto na nyimbo za kanisani. Letu sitalitaja. Kuanzia Mei 2010 mahakama ya Addis Ababa ilitaka wazazi wote wawili wafike wenyewe mbele ya hakimu, kwa hiyo safari zikawa mbili: moja ya mahakama, nyingine ya viza. Na msimu wa mvua kubwa mahakama hufungwa, kuanzia Agosti mpaka Septemba inakwisha. Sisi tulipangiwa Novemba.

Tulitumiwa picha tatu na nakala ya cheti. Kwenye cheti mtoto alikuwa amezaliwa mwezi Megabit mwaka 2001. Mume wangu akaruka. "Huyu ana miaka tisa?" Hapana, kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane na ina miezi 13. Megabit 2001 ni Machi 2009. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, shavu moja limevimba kwa kitu alichokuwa anatafuna pale alipopigwa picha.

Kalenda ilitushinda, lakini saa, jamani, saa ilikuwa ya kwetu. Usiku wa kwanza dereva alituambia sote tuliofikia nyumba ile ya wageni, kwa Kiingereza, kwamba atatuchukua saa mbili. Familia nne za Kimarekani zikaanza kupanga kwanza zikatembee mjini, zile chakula cha mchana, halafu saa mbili zirudi. Mimi na mume wangu tukatazamana. Asubuhi, jua limetoka saa mbili zilizopita, tulikuwa getini tumeshaoga, na dereva akafika. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapotoka. Wenzetu walitoka na kandambili, mswaki mdomoni. Miaka yote ile nikiwa ughaibuni nilikuwa natafsiri saa kichwani mwangu, na hapo kwa mara ya kwanza sikuhitaji kutafsiri chochote.

Kituo cha watoto kilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye uwanja wa saruji. Watoto walikuwa kwenye mikeka. Wale wenzetu walipoingia, watoto wao waliangua kilio, na si ajabu: mtu mrefu, mweupe, nywele za rangi ya mahindi, analia machozi na kukukumbatia. Wetu hakulia. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akaendelea na kazi yake ya kupanga vifuniko vya chupa. Wenzetu wakasema tumebahatika. Mimi nilimwelewa. Alidhani ni mlezi mpya ameingia zamu.

Na walezi wenyewe walinisemesha Kiamhari mpaka siku ya mwisho, ingawa walijua sijui. Kwao nilikuwa tu mwanamke mwenzao aliyekuwa na matatizo ya kusikia. Walinifundisha maneno ya kunitosha. Wuha, maji. Dabo, mkate. Ayzoh, neno la kumwambia mtoto wa kiume akianguka, ambalo liko katikati ya pole na jikaze. Na embi, yaani sitaki, nakataa, niacheni. Embi alikuwa analijua vizuri kuliko yote.

Jambo moja hawakunificha: Kiamhari hakikuwa lugha yake. Alitoka Wolaita, kusini, na alipoletwa alikuwa anaelewa Kiwolaita. Miezi michache ya Addis ilitosha kukifuta. Kwa hiyo huyu mtu asiyefikisha miaka miwili alikuwa tayari amepoteza lugha moja, na mimi nilikuwa nimekuja kumtoa kwenye ya pili.

Siku mbili kabla ya mahakama tulipelekwa Sodo, mji mkuu wa Wolaita, kuonana na ndugu zake. Ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Butajira na Hosanna. Baada ya Hosanna nilianza kuona migomba. Nikamgusa mume wangu: tazama, kihamba! Migomba imezunguka kila nyumba, majani yanapepea, ng'ombe amefungwa pembeni, na mbele yetu mlima, Damota, umekaa juu ya mji kama mkubwa wa ukoo. Nilidhani nimefika nyumbani. Dereva akacheka. Ile si migomba. Ni enseti, ndugu wa mgomba, na matunda yake hayaliwi. Kinacholiwa ni shina lenyewe na kiazi chake cha chini: hukwanguliwa, hufukiwa shimoni kichache kwa wiki au miezi, kisha huokwa mkate bapa uitwao kocho. Mmea ni uleule kwa macho, na hakuna mtori wala mbege itakayotoka humo. Nilikaa na hilo mpaka tunaingia mjini.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomtarajia. Amejifunika gabi, lile shuka zito la pamba, na amevaa viatu vya plastiki vilivyooshwa. Alikuja na mwanawe, mjomba wa mtoto. Baba alikuwa amefariki kabla mtoto hajazaliwa, mama akafariki mtoto akiwa na miezi minane. Bibi ndiye aliyebaki naye, pamoja na wajukuu wengine.

Tuliketi ofisini. Mazungumzo yalipita hivi: bibi anasema Kiwolaita, mtu wa kwanza anatia katika Kiamhari, mfanyakazi wa shirika anatia katika Kiingereza, na sisi tunanong'onezana kwa Kiswahili. Lugha nne kwa ajili ya mtoto ambaye hajui kusema sentensi. Tulikuwa tumepewa orodha ya maswali mazuri ya kuuliza, na kamera ilikuwa inarekodi ili mtoto aje kuona akikua. Alizaliwa wakati gani? Wakati wa mvua ndogo, usiku. Alikuwa anapenda nini? Kulala juu ya tumbo la mtu. Kuna magonjwa ya ukoo? Akafikiri. Njaa, alisema, na mfanyakazi wa shirika hakulitafsiri hilo, nililipata baadaye.

Mwishoni akaulizwa kama na yeye ana swali. Akasema maneno machache. Yakapita kwa mtu wa kwanza, yakafika kwa wa pili, yakatufikia: "Anauliza kama atasoma shule."

Nilikuwa nimemwangalia mjomba. Aliinamisha uso. Alikuwa amesoma mpaka darasa la kumi na Kiingereza chake kilikuwa cha shida, lakini kilikuwepo. Akasema polepole, "Hakusema shule. Amesema, atarudi lini."

Sasa swali hilo mimi nalijua. Mama yangu alimuuliza shangazi swali hilohilo stendi ya Moshi, mimi nimesimama katikati yao na mkungu wangu. Shangazi akajibu, "Desemba."

Mfanyakazi wa shirika alianza kusema kwamba mtoto akiwa mtu mzima ataandika barua. Mume wangu akamwomba asimame hapo. Si mtu wa kupandisha sauti, na hakupandisha. Akasema: mwambieni hivi. Mahakama ikishaamua, mtoto atakuwa wetu, na hatarudi kuishi hapa. Kama hataki, aseme sasa, na sisi tutaondoka bila mtoto na hakuna atakayemlaumu. Mfanyakazi hakupenda. Alisema mambo hayo bibi alishaelezwa na alishaweka dole gumba. Tukasema aelezwe tena.

Ilichukua muda mrefu. Mjomba alizungumza naye moja kwa moja. Bibi alisikiliza ameshika magoti yake, halafu akajibu, na jibu lilikuwa refu, lenye vituo, na mkono mmoja ukitoka ndani ya shuka na kurudi. Jibu lilipomaliza safari yake ya lugha mbili likatufikia hivi: "Amekubali."

"Maneno yote hayo," mume wangu alisema, "ni amekubali?"

Tukamgeukia mjomba. Alitueleza kipande kwa kipande. Bibi anajua mahakama ni nini. Dole gumba ameweka mara mbili na anajua kwa nini. Haombi mtoto arudi kuishi. Lakini mtu akiweka ng'ombe kwa jirani, jirani anamchunga na anakunywa maziwa, na mwenye ng'ombe hakatazwi kwenda kumtazama kama amenenepa. Yeye hana nauli ya kwenda Marekani. Kwa hiyo wenye nauli ndio watakaokuja. Ndiyo maana anauliza lini.

Kuweka ng'ombe kwa jirani hata Kibosho tunako. Sikuhitaji tafsiri ya tano.

Mume wangu akasema: kabla hajaanza darasa la kwanza. Mjomba akahesabu kwa vidole, akamwambia mama yake. Bibi akatoa mkono, akatushika mmoja mmoja. Hilo halikuandikwa mahali popote. Kwenye faili letu, lenye mihuri ya wizara na ya ubalozi, na alama za vidole vyangu vyote kumi, ahadi hiyo haimo.

Usiku ule hotelini hatukulala. Pesa tulizokuwa tumelipa kufikia siku ile zingemlisha bibi na wajukuu wake kwa miaka mingi. Sihitaji kutaja kiasi, kila aliyeasili ng'ambo anajua hesabu hii na huwa anaifanya usiku. Nikamwambia mume wangu. Akasema, tumpe hizo pesa tumwache mtoto? Wala hata hilo lisingewezekana: kumpa ndugu wa mtoto kitu chochote wakati faili liko wazi ni kosa, na ni sawa iwe kosa, maana bila hivyo ingekuwa biashara mchana kweupe. Kwa hiyo sheria inayozuia usimnunue mtoto ndiyo inayokuzuia usimsaidie bibi yake abaki naye. Sina jibu zuri la hilo hata leo. Keshokutwa yake tulikwenda mahakamani.

Mahakama ilichukua dakika chache. Chumba kidogo, hakimu mwanamke, kijana kuliko mimi. Familia iliyotutangulia ilirudishwa kwa sababu barua ya wizara ilikuwa haijafika. Mama wa watu alitoka akilia, na ameshavuka bahari. Yetu ilikuwepo. Mmemwona mtoto? Ndiyo. Mnajua uamuzi huu ni wa kudumu? Ndiyo. Mtamfundisha anakotoka? Ndiyo. Mmeonana na ndugu zake? Hapo mume wangu alitaka kueleza, hakimu akatabasamu na kuinua kalamu. Ndiyo au hapana.

Baadaye nilikuja kusoma sheria ya familia ya Ethiopia, ile ya mwaka 2000, na nikakuta jambo ambalo hakuna aliyetueleza siku ile. Sheria hiyo inasema mtoto aliyeasiliwa haupotezi uhusiano wake na familia alikozaliwa. Anakuwa wa waliomchukua, na pale inapobidi kuchagua, hao waliomchukua ndio wanaotangulia. Lakini kamba ya kwanza haikatwi. Bibi hakuwa amesoma sheria ile. Alikuwa anaisema tu.

Marekani wao hukata. Tulipomrasimisha mtoto Minnesota tulipewa cheti kipya cha kuzaliwa. Kwenye nafasi ya mama kuna jina langu. Kwenye nafasi ya baba kuna jina la mume wangu. Mtu akikisoma bila kujua, atadhani nilikuwa Ethiopia mwezi Machi 2009 nikijifungua. Vyeti vya zamani, vyenye ile 2001 yao, nimevihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na pasipoti yangu ya Tanzania iliyokwisha muda.

Na jina nalo lina kisa chake. Waethiopia hawana jina la ukoo kama la Kizungu. Una jina lako, linafuata la baba yako, basi, kama sisi tulivyokuwa na fulani bin fulani. Pasipoti ya mtoto ilipotoka, jina la baba yake aliyefariki lilikuwa limeondolewa na mahali pake pamewekwa jina la mume wangu. Mume wangu aliishika ile pasipoti muda mrefu. Akasema, "Huyu mzee nimemfukuza kwenye jina la mwanawe na hata sijawahi kumwona." Tulipofika Minnesota alihakikisha jina la yule baba linarudi, katikati, kati ya la mtoto na la kwake. Wahudumu wa hospitali wakilifikia huwa wanalitafuna vibaya. Acha walitafune.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, Februari 2011. Kwa kuwa sote wawili tulishamwona mtoto, mmoja alitosha kwa ajili ya viza. Mlezi aliyekuwa amemzoea zaidi alimwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha nguo tulizoleta, akanikabidhi, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Mtoto alisimama mbele ya mlango ule. Hakupiga kelele. Aliugonga kwa kiganja kilicho wazi, mara nyingi, kwa mpango, kama mtu anayejua kuna watu ndani. Nilimfunga mgongoni kwa kanga na tukaondoka.

Ndani ya ndege kulikuwa na familia tatu au nne za Kizungu zenye watoto kama wangu. Abiria walikuwa wanasimama kwenye viti vyao kuwapongeza. Mzee mmoja alitokwa na machozi. Mimi nilikuwa viti viwili nyuma, na mtoto wangu analia embi, embi, amekataa maziwa, amekataa biskuti, ametapika kwenye gauni langu, na mwanamke wa mbele akageuka akaniuliza kama siwezi kumnyamazisha mwanangu. Mwanangu! Ndiye mtu wa kwanza kuniita mama yake, na aliniita kwa hasira. Hakuna aliyenipongeza, na sikutaka kupongezwa. Lakini niliona tangu mle ndani kitu ambacho kingetufuata: kwamba kwa sisi siri ingekuwa rahisi mno. Wale wenzetu kila wakiingia dukani na watoto wao, kisa kinaonekana usoni. Sisi tungeweza kunyamaza tu, na ndani ya mwaka mmoja bibi wa Sodo angekuwa hajawahi kuwepo. Wapo marafiki waliotushauri hivyo, kwa nia njema. Mtasema ni wenu, kwani nani atajua?

Washington Dulles nilikabidhi ile bahasha ya ubalozi iliyofungwa, ambayo huruhusiwi kuifungua njia nzima. Ofisa akaifungua, akagonga mihuri. Kwa sheria ya mwaka 2000 mtoto wa namna hii anakuwa raia wa Marekani palepale anapopitishwa. Mimi nilisubiri miaka kumi na moja. Yeye alikuwa amelala na kiatu kimoja kimepotea.

Miezi ya kwanza alificha mkate. Chini ya mto, ndani ya viatu, nyuma ya redio. Tuliuacha, tukawa tunabadilisha tu ule uliokauka. Tulimsemesha Kiswahili, maana ndiyo lugha yetu ya nyumbani, na kwa kuwa ilibidi apoteze Kiamhari, bora Kiingereza kisimchukue chote. Rafiki yetu mmoja wa Nairobi alikuja kututembelea, mtoto akawa anamsukuma na kupiga kelele, "Embi! Embi!" Yule mama akasikia embe. Akaenda dukani kwenye theluji, akarudi na maembe matatu ya bei mbaya, akamenya. Mtoto akakasirika zaidi, halafu akaonja, halafu akala yote matatu. Mpaka leo nyumbani kwetu mtu asiyetaka jambo anasema "maembe".

Januari 2018 bunge la Ethiopia lilifunga mlango ule kabisa: hakuna tena mtoto kuasiliwa na mgeni. Ulikuwa umeanza kufungwa zamani; Machi 2011, wiki chache baada ya sisi kuondoka, wizara ilitangaza kwamba itapitisha mafaili yasiyozidi matano kwa siku. Kulikuwa na ndugu waliodanganywa, na karatasi za kughushi. Kulikuwa na Hana Williams, binti aliyetolewa Ethiopia mwaka 2008 na kufa Mei 2011 katika jimbo la Washington. Waliomchukua walitiwa hatiani mwaka 2013. Watu huniuliza naonaje, na wanategemea nitasikitika. Naona ilikuwa sawa kufunga. Ninasema hivyo wakati mwanangu yuko chumba cha pili anafanya hesabu zake, na sioni kwamba moja linaliondoa lingine. Nilikaa kwenye ile ofisi. Nilisikia "atarudi lini" ikigeuzwa kuwa shule, na kama mjomba angekuwa hajui Kiingereza, tungeondoka pale tukifurahi kwamba bibi anajali elimu.

Kabla ya mlango kufungwa tulikuwa tumesharudi, kama tulivyoahidi. Ilikuwa Desemba 2014, mtoto ana miaka mitano na nusu. Tulipitia Butajira na Hosanna. Safari hii niliiita enseti kwa jina lake. Mtoto aliniuliza kama ile ndiyo migomba ya bibi wa Kibosho, nikamwambia hapana, hii ni ya bibi mwingine.

Bibi alikuwa anatusubiri barabarani, gabi lilelile au jingine. Macho yalikuwa yamepungua nguvu. Alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza kushoto na kulia, akamfungua mdomo akatazama meno, akambonyeza mbavu. Kisha akasema kitu. Mjomba akakitia katika Kiingereza, ambacho sasa kilikuwa kizuri zaidi. Mtoto alikuwa anakijua Kiingereza, lakini alikuwa ameona haya, akanigeukia mimi.

"Mama, bibi anasemaje?"

"Anasema umechelewa."

Akafikiri. "Mwambie ndege ilikuwa mbali."

Ikatafsiriwa, ikapanda na kushuka, bibi akacheka mpaka akashika mti. Halafu akatuingiza ndani. Kahawa ilikuwa jikoni, na kwenye jani la enseti kulikuwa na kocho ya moto. Akamkatia mtoto kipande kikubwa, akakaa mbele yake kumtazama. Kocho ina uchachu ambao mtu huzoea polepole. Mtoto alitia mdomoni, akatafuna mara mbili, akasimama, mashavu yamejaa, akanitazama kuona kama ninaruhusu kutema.

Nikamwambia ameze.